Hodhi Lilitangulia Ukuta

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada zilizojengwa katika karne ya 20, hodhi la kuogea halisimami peke yake katikati ya chumba, bali limebanwa ndani ya daka, yaani nafasi iliyozungukwa na kuta tatu na kuachwa wazi upande mmoja tu, ule anaoingilia muogaji. Kwa asiyeijua kazi hiyo, kubadilisha hodhi la namna hii huonekana kuwa ni kutoa chombo kimoja na kutia kingine cha ukubwa uleule, na kwa kuwa maduka ya vifaa vya ujenzi huuza mahodhi ya kipimo kimoja kinachojulikana, mwenye nyumba huamini kwamba vipimo vikilingana basi kazi imekwisha. Kumbe huko kulingana ndiko kunakoleta taabu, kwa sababu hodhi lililomo liliwekwa wakati kuta zilikuwa bado mifupa mitupu ya mbao, na kila kilichokuja baadaye, iwe bodi, gundi au vigae, kilijengwa kwa kuufuata ukingo wake.

Utaratibu huo una historia. Mwaka 1883 John Michael Kohler, mzaliwa wa Austria aliyekuwa na kiwanda cha zana za kilimo huko Sheboygan katika jimbo la Wisconsin, alichukua chombo cha chuma kilichotumiwa kunyweshea farasi na kuwamwagia maji ya moto nguruwe waliochinjwa, akakipaka enameli, yaani unga wa kioo unaoyeyushwa kwa moto hadi ushikane na chuma, kisha akakitia miguu minne na kukiuza kuwa hodhi la kuogea. Kwa miaka mingi baada ya hapo hodhi lilikuwa samani kama samani nyingine, likisimama kwa miguu yake mbali kidogo na ukuta, na aliyetaka kulibadilisha alifungua mabomba na kuliondoa. Mwaka 1911 kampuni yake ilileta hodhi la kujengewa, lililotengenezwa kuwa kipande kimoja pamoja na uso wake wa mbele unaoshuka hadi sakafuni, na tangu hapo hodhi likaanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Wajenzi wa nyumba ndogo walilipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa liliwawezesha kuminya bafu zima katika nafasi ambayo zamani isingetosha hata kugeukia.

Kipimo kilichozoeleka cha hodhi hilo ni urefu wa inchi 60, yaani sentimita 152.4, na upana wa inchi 30 au 32. Bafu dogo la kawaida lina upana wa futi 5 na urefu wa futi 8, kwa hiyo hodhi hulala mwishoni mwa chumba kutoka ukuta hadi ukuta, na upana wa chumba huwa ndio urefu wa hodhi. Lakini futi 5 hizo hupimwa kabla ukuta haujavikwa. Ukuta wa ndani wa nyumba ya Kimarekani hujengwa kwa nguzo za mbao zenye unene wa milimita 38 na kina cha milimita 89, zinazosimamishwa kila baada ya inchi 16, na hodhi huingizwa kati ya nguzo hizo zikiwa uchi. Baada ya hapo ndipo hupigiliwa bodi za jipsamu zenye unene wa milimita 12.7, na juu yake hupakwa gundi na kubandikwa vigae, hata uwazi unaoonekana baada ya kazi kukamilika hubaki sentimita 148 au 149 hivi. Anayepima kutoka kigae hadi kigae hupata kipimo ambacho hakuna hodhi lililotengenezewa, na anayenunua hodhi la inchi 60 kwa kuwa la zamani ni la inchi 60 hugundua kwamba amenunua chombo kilichozidi uwazi wa chumba chake kwa zaidi ya sentimita 3.

Tofauti hiyo haikutokea kwa uzembe wa wajenzi. Hodhi la kujengewa lina ukingo mwembamba uliosimama, wenye kimo cha kama sentimita 2 na nusu, unaopanda kutoka kwenye bapa la juu katika pande tatu zinazoelekea ukutani. Ukingo huo hukaa nyuma ya uso wa vigae, ukiegemea nguzo na mara nyingi ukifungwa kwazo kwa misumari au skrubu, na kazi yake ni kuyarudisha ndani ya hodhi maji yote yanayoteremka ukutani, kama vile safu ya juu ya makuti inavyolalia ya chini yake ili mvua isipate njia ya kupenya. Ukuta ukiishia ubavuni mwa hodhi badala ya kulalia ukingo wake, kinachobaki kuzuia maji ni uzi wa silikoni peke yake, na silikoni, hata iwe nzuri namna gani, huchoka. Hapa pana sababu ya kutowasikiliza mafundi wanaojitolea kuukata ukingo ili hodhi lipite bila kuvunja kigae hata kimoja: wanachomwondolea mwenye nyumba ni kinga, na ukuta ulioloa huonyesha hasara yake baada ya fundi kwisha kulipwa na kwenda zake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuukata ukuta. Hakuna haja ya kuubomoa wote, kwani katika nyumba nyingi hutosha kuondoa ukanda wa vigae na bodi wenye kimo cha sentimita 15 hadi 20 kuuzunguka ukingo wa hodhi katika pande zote tatu, ili nguzo zionekane na misumari iliyoushika ukingo ing'olewe. Vigae vya ukanda huo ni nadra kutoka vizima, na vigae vya zamani ni nadra kupatikana tena madukani, hivyo mwenye nyumba mwenye busara hukata shauri mapema kama ataweka mstari wa rangi nyingine au atavika upya ukuta wote. Katika nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani, vumbi la ukuta linaweza kuwa na sumu hiyo, na baadhi ya bodi, gundi na mikeka ya sakafu ya zamani huwa na asbesto. Vipimo vya maabara vitangulie msumeno.

Kulitoa hodhi la zamani ni kazi ya nguvu kuliko ya hesabu. Hodhi la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, mara nyingi lina uzito unaozidi kilo 140, na ngazi za nyumba za ghorofa hazikujengwa kwa ajili ya watu wanaoteremka na mzigo wa namna hiyo. Mafundi wengi hulifunika kwa blanketi nzito ili vipande vya enameli visiruke, wakavaa miwani, glavu na vizibo vya masikio, kisha wakalivunja kwa nyundo kubwa, kwa sababu chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindi, nacho hupasuka kinapopigwa. Hodhi la bati la chuma haliwezi kupasuliwa hivyo, bali hutolewa zima au hukatwa, na la akriliki au la nyuzi za kioo hukatwa kwa msumeno wa umeme na kutolewa kwa vipande viwili au vitatu.

Ugumu wenyewe uko katika kuingiza, kwa kuwa la zamani hutoka vipande vipande na jipya lazima liingie zima. Mlangoni halisumbui sana: mlango wa bafu wa Kimarekani unaweza kuwa na upana wa sentimita 61 tu, lakini hodhi likilazwa ubavu hupitisha kimo chake, ambacho ni sentimita 36 hadi 50, badala ya upana wake wa sentimita 76. Taabu humngoja fundi ndani. Hodhi lililoingia likiwa limeelekea urefu wa chumba linapaswa kugeuzwa ili lielekee upana wake, na kanuni ya Pythagoras, inayofundishwa shuleni kwa pembetatu mraba, haina huruma kwa fundi yeyote. Mstatili wenye urefu wa sentimita 152.4 na upana wa sentimita 76.2 una ulalo, yaani umbali kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, wa sentimita 170 na ushei. Chumba cha sentimita 152 hakiwezi kuuruhusu ulalo huo uzunguke, hata kuta zikivuliwa zikabaki nguzo tupu.

Njia inayobaki ni kulisimamisha hodhi wima kwa ncha yake, kulizungusha likiwa limesimama, kisha kulilaza polepole likielekea upana wa chumba. Hapo mpinzani wa urefu huwa ni kimo na si upana tena. Kama hodhi lina kimo cha sentimita 38 na lingekuwa sanduku kamili, ulalo wake ungekuwa sentimita 157, yaani karibu sentimita 5 zaidi ya uwazi kati ya nguzo na nguzo. Kinachookoa ni kwamba hodhi si sanduku. Tumbo lake hupungua kuelekea chini, na sehemu pekee inayofika sakafuni kwa urefu wote ni ule uso wa mbele, ulio bamba jembamba. Kwa hiyo wakati wa kulilaza, kinachogonga ukuta ni pembe ya chini ya bamba hilo, na fundi mzoefu hupima kabla ya kuinua chochote ni wapi pembe hiyo itapita, akaondoa bodi ya jipsamu mahali hapo ili pembe ididimie kwa muda katika uwazi ulio kati ya nguzo mbili, wenye kina cha karibu sentimita 9. Likishalala sawa, husukumwa moja kwa moja kuelekea ukuta wa nyuma, likitelezeshwa juu ya mbao mbili ili lisikwaruze sakafu. Bodi ya kuta za kando lazima iwe imeondolewa katika njia yote ya kuteleza na si juu ya daka peke yake. Mara nyingi jambo hili hukumbukwa wakati watu wawili tayari wameshalibeba hodhi mikononi.

Hesabu hii yote hufanya milimita chache kuwa na thamani kubwa. Watengenezaji kadhaa huuza mahodhi yanayoitwa ya inchi 60 lakini yenye urefu halisi wa inchi 59 na robo tatu, na tofauti hiyo ya milimita 6 mara nyingi ndiyo inayoamua. Kipimo kilichoandikwa kwenye jedwali la duka ni cha jina tu. Kipimo halisi kimo katika mchoro wa kiwanda, ambao mnunuzi anapaswa kuudai kabla ya kulipa. Nguzo nazo zipimwe mahali patatu, yaani mbele, katikati na nyuma, kwa kuwa nyumba za zamani huwa zimeinama na daka lenye sentimita 153 mbele linaweza kuwa na sentimita 151 na nusu nyuma. Pengo likizidi, hujazwa kwa vipande vya mbao nyembamba vinavyopigiliwa juu ya nguzo. Likipungua, nguzo huweza kupigwa randa kidogo, ingawa ukuta unaobeba uzito wa paa hauchezewi hivyo bila ushauri wa mjuzi.

Kabla ya siku ya kununua kuna jambo jingine la kuamua, nalo ni upande wa tundu la kutolea maji. Mahodhi ya daka huuzwa ya mkono wa kulia au wa kushoto, kwa kuhesabu upande lilipo tundu mtu anaposimama akilitazama hodhi kutoka mbele, na hayageuziki, kwa kuwa uso wa mbele uko upande mmoja tu. Chini ya tundu hilo kuna kiwiko cha maji, yaani kipande cha bomba kilichopindwa ambacho hubaki na maji muda wote ili harufu ya bomba la maji machafu isipande chumbani, na kutoka hapo bomba lapaswa kuteremka kwa kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita. Ni nadra tundu la hodhi jipya kuangukia penye bomba la zamani, kwani tofauti ya sentimita 1 au 2 ni ya kawaida, na marekebisho yake ni rahisi maadamu fundi bomba hajiruhusu kuchonga boriti za sakafu ili bomba lipite. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani zinakataza kabisa kuzichonga boriti za mbao katika theluthi ya kati ya urefu wake, na kwingineko kwa kawaida haziruhusu pengo linalozidi moja ya sita ya kina chake, nazo zina sababu: hodhi lililojaa hubeba lita 150 hadi 200 za maji, kila lita ikiwa na uzito wa kilo 1, na juu ya hayo yumo muogaji.

Kulikalisha hodhi mahali pake si kazi ngumu, ila huharibiwa na haraka. Kwenye ukuta wa nyuma hupigiliwa ubao wa mlalo, kwa kimo kinacholingana na umbali kutoka sakafuni hadi chini ya bapa la hodhi, ili bapa hilo lipate cha kuegemea. Ubao husawazishwa kwa pimamaji, na hodhi nalo husawazishwa bapani kwa urefu na kwa upana. Hakuna haja ya kuliinamisha kuelekea tundu, kwa sababu mwinamo umeshatengenezwa ndani yake kiwandani. Mahodhi ya akriliki na ya nyuzi za kioo, ambayo ni mepesi na hunesa chini ya mguu, hukaa vizuri zaidi yakiwekewa chini yake mafungu ya saruji mbichi iliyochanganywa na mchanga, pale kiwanda kinaporuhusu, kwa kuwa saruji hiyo ikikauka hufuata umbo la tumbo la hodhi na kulinyima nafasi ya kubonyea. Hodhi linalolia mtu anapoingia limekaa juu ya hewa, na kelele hizo hutangulia ufa.

Baada ya kuunganisha tundu la chini na lile la juu linalozuia maji kufurika, hodhi hujazwa na kuachiliwa mara moja huku mtu akichungulia maungio kwa tochi kutoka chini au kutoka nyuma ya ukuta. Uchunguzi huo ukifanyika kabla ya kufunga kuta, kosa hugharimu dakika chache. Ukifanyika baada ya vigae, hugharimu vigae. Ukuta hufungwa kwa bodi ya saruji, kwa kuwa ile ya jipsamu, hata ya rangi ya kijani inayosifiwa kuvumilia unyevu, haifai tena kubeba vigae mahali panapomwagikiwa na maji. Kati ya kigae cha chini na bapa la hodhi huachwa mwanya mdogo unaojazwa silikoni, na wajuzi huujaza hodhi likiwa limejaa maji, kwa sababu uzito hulishusha hodhi kidogo na kuupanua mwanya. Silikoni iliyotiwa hodhi likiwa tupu huvutika na kubanduka siku ya kwanza ya kuoga.

Mwenye nyumba anayeyasikia haya huuliza kama hakuna njia ya mkato. Ipo, tena zaidi ya moja. Hodhi la chuma lililochakaa rangi huweza kusuguliwa na kupakwa tabaka jipya mahali lilipo, na ingawa tabaka hilo halidumu kama enameli ya kiwandani, chuma cha chini yake kinaweza kuishi muda mrefu kuliko nyumba. Ipo pia njia ya kulivisha hodhi la zamani ganda la akriliki lililofinyangwa kwa umbo lake, ambayo husifiwa na wauzaji lakini ina dosari ya kimsingi: maji yakishapata njia kati ya ganda na hodhi hayana pa kutokea, na uozo wake hauonekani hadi ganda ling'olewe. Kati ya njia hizo mbili, kupaka ndiyo njia ya kweli zaidi, kwa sababu hakufichi chochote. Hata hivyo, palipo na ukuta unaobonyea kwa kidole au vigae vinavyocheza, mkato wowote ni kupoteza fedha, kwa kuwa hapo maradhi yako ndani ya ukuta.

Uingereza taabu hii ina sura nyingine. Hodhi la kawaida la huko lina urefu wa milimita 1700 na upana wa milimita 700, husimama kwa miguu yake ya chuma, na mbele hufunikwa kwa kibao kinachobanduliwa; mara nyingi halina ukingo uliosimama, na daka likipungua milimita chache fundi huchimba mfereji katika plasta ili bapa la hodhi lizame ukutani. Namna hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na hali ya Afrika Mashariki, ambako kuta ni za matofali au mawe na plasta, na hodhi, pale linapowekwa, mara nyingi hujengewa ukuta mfupi wa matofali mbele na kuvikwa vigae hadi bapani. Ukuta wa namna hiyo hauna uwazi wa kudidimizia pembe, wala bodi ya kubandua. Patasi ndiyo inayoongeza nafasi, na kila sentimita hulipwa kwa vumbi. Kibaya zaidi ni pale matofali ya mbele yanapofungwa moja kwa moja bila kuacha njia ya kukifikia kiwiko cha maji, hata uvujaji mdogo ukalazimisha kuvunja kazi nzima.

Wajenzi wa nyumba mpya za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaombwa jambo dogo: waache kilango cha kama sentimita 30 kwa 30 upande wa tundu, kilichofunikwa kwa kigae kinachobanduka, na wamwandikie mwenye nyumba vipimo vya uwazi kabla ya plasta. Anayeishi katika nyumba ambayo tayari imejengwa, iwe huku au Marekani, afungue kwanza ukuta, apime ndani, ndipo aende dukani.